Matteo Ricci: Padri Aliyekaa Chini Kwanza

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi katika ukumbi wa parokia hapa Moshi. Naiweka nzima kwa ajili ya wale waliozuiwa na mvua, na wale waliokuwa msibani.

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleikum! Haya, sasa nadhani hakuna aliyeachwa nje.

Baba Paroko, masista, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mlioambiwa mkae mbele mkaenda kujibanza nyuma karibu na mlango. Nawaona. Miaka thelathini na minne ya chaki haijaniharibu macho.

Nimeombwa niseme juu ya mmisionari aliyekuwa mwalimu. Najua mlichotarajia. Mlitarajia niwarudishe mwaka 1890, Askofu de Courmont na mapadri Le Roy na Gommenginger wakipandisha huku mlimani, Mangi Fumba akiwapokea Kilema, kisha shule, kisha mibuni. Lakini nikisimulia hayo kwenu nitakuwa nauza ndizi Marangu. Wapo humu ambao babu zao walibatizwa na watu hao. Leo nawapeleka mbali zaidi, China, kwa padri aliyekufa zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mwalimu wa hesabu, na sisi wa hesabu hatusemwi vizuri mahali pengi, kwa hiyo tukimpata wetu tunamshika. Ya pili mtaiona mbele.

Jina lake Matteo Ricci. Alizaliwa Macerata, Italia, Oktoba 6, 1552. Baba yake alikuwa na duka la dawa, akampeleka Roma asome sheria. Wazazi, mnalijua jambo hili? Umelipa ada mtoto awe mwanasheria, mara unaletewa habari kwamba ameingia utawa! Mwaka 1571 kijana akajiunga na Wajesuiti, shirika la mapadri na mabruda wa Kikatoliki. Mzee alipopata habari akafunga safari kwenda kumtoa. Njiani akashikwa na homa. Akalala, akatafakari, akaona hapa kuna mkono wa Mungu, akageuza kurudi nyumbani. Nadhani ingekuwa Mchaga wa Rombo angesubiri homa ipungue kisha aendelee na safari.

Roma kijana akafundishwa na Christopher Clavius, mmoja wa mabingwa waliotengeneza kalenda hii tuliyoitundika ukutani hapa. Mwaka 1578 akapanda merikebu Lisbon kwenda Goa, India. Na sikilizeni hili, kwa sababu vitabu vingi hulipita mbio: merikebu zile zilitia nanga Kisiwa cha Msumbiji. Kwa hiyo padri huyu alipita pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, katika bandari ambayo watu walikuwa bidhaa. Injili na minyororo vilisafiri kwa upepo mmoja wa kusi. Sitaki kusimulia habari za mmisionari yeyote kana kwamba hilo halikuwepo.

Goa akapewa darasa. Huko akakuta wakubwa wameamua kwamba vijana wa Kihindi wafundishwe Kilatini kidogo, lakini falsafa na teolojia wasiguse, watapanda kichwa. Ricci alikuwa na miaka ishirini na tisa, padri wa mwaka mmoja tu. Mwaka 1581 akamwandikia mkuu wa shirika lake kule Roma kupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba vijana hawa ukiwanyima elimu hutapata wanyenyekevu, utapata watu wanaokuchukia. Walimu wenzangu, mwalimu mpya kabisa kazini, kumwandikia mkuu wa wakuu! Sisi kumwandikia Afisa Elimu tu tunakaa kikao mara tatu.

Mwaka uliofuata akapelekwa Macao, mlangoni mwa China. Hapo ndipo ninapotaka mkae nami.

Alifika kufundisha. Je, alianza kufundisha? Hapana. Alikaa chini. Mtu aliyesoma kwa Clavius, anayejua Kigiriki na Kilatini, akakaa chini kama mtoto wa chekechea, akaanza kuchora alama moja moja. Kichina hakina a, e, i, o, u. Kila neno lina sura yake, na sauti ikipanda au ikishuka maana inageuka. Wako wageni waliokaa Macao miaka mingi na hawakuona haja ya kuhangaika nacho. Yeye alikaa chini.

Mwaka 1583 yeye na mwenzake Michele Ruggieri wakaruhusiwa kuishi Zhaoqing. Wakatafuta vazi la kuwafanya waeleweke kuwa ni watu wa dini. Wakanyoa vichwa na kuvaa kama watawa wa Kibudha. Kosa! Katika nchi ile wenye kuheshimiwa walikuwa wasomi, watu waliofaulu mitihani ya serikali, na wasomi wengi waliwadharau watawa. Kwa hiyo alipoingia sebuleni kwa mkubwa, vazi lilikuwa limeshamshusha kabla hajafungua mdomo. Na watu wa mtaani nao hawakumpenda. Nyumba yake ilirushiwa mawe. Mwaka 1589 mkubwa mpya wa jimbo akaitaka ile nyumba, wakafukuzwa. Wakahamia Shaozhou. Mwaka 1592 wezi wakavamia usiku, Ricci akaruka dirishani, akaumia mguu, na tangu siku ile akachechemea mpaka kufa.

Mtu mmoja wa ukoo mkubwa, Qu Taisu, alimwendea akidhani wazungu hawa wana siri ya kugeuza zebaki kuwa fedha. Hakukuta fedha, akakuta hesabu. Akabaki kuwa mwanafunzi. Na huyo mwanafunzi ndiye aliyemwambia mwalimu wake: vua hilo vazi, vaa kama msomi. Mwalimu akakubali. Akaomba ruhusa kwa wakubwa wake, akafuga nywele na ndevu, na mwaka 1595 akavaa hariri ya wasomi. Miaka kumi na miwili alikuwa amevaa kosa, na aliyemvua ni mwanafunzi wake. Niulize, mwalimu wa hesabu ukumbini humu: mara ya mwisho mwanafunzi kukwambia "Mwalimu, hapo mstari wa tatu umekosea," ulisemaje? Mimi najua nilichosema mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilimtoa nje. Na alikuwa sahihi, ilikuwa alama ya kutoa.

Ramani nitaisema kwa ufupi. Ukutani kwake Zhaoqing alitundika ramani ya dunia. Wageni walishangaa, maana kwao China ilikuwa karibu dunia yote na nchi nyingine ni vipande pembeni. Ricci hakubishana. Mwaka 1584 akachora upya, majina kwa Kichina, na karatasi akaigawa namna ambayo China inakaa karibu na katikati. Mnaweza kusema amejipendekeza. Mimi nasema dunia ni mviringo, katikati ya karatasi ni pale mchoraji anapoamua. Toleo kubwa la 1602, alilolifanya pamoja na Li Zhizao, lilichapwa kwa mbao sita na lina upana wa zaidi ya mita tatu na nusu. Afrika yetu imo.

Beijing aliingia Januari 1601, baada ya kushikiliwa Tianjin kwa miezi na ofisa mmoja wa ikulu aliyekuta msalaba katika mizigo yake akadhani ni uchawi wa kumuua mfalme. Msimcheke. Chukueni sanamu ya mtu aliyepigiliwa misumari, mkamwonyeshe asiyewahi kusikia habari zake, halafu mwone.

Zawadi zilizompendeza Mfalme Wanli ni saa mbili zenye kengele. Matowashi wanne wa ikulu walitumwa wakafundishwe kuzitunza, wakafundishwa siku tatu. Padri hakumwona mfalme uso kwa uso hata mara moja. Mfalme yule alijifungia ndani, hata mawaziri wake hawakumwona. Lakini saa ikisimama, nani anaitwa? Fundi ndiye aliyemfungulia padri mlango. Na saa ya kwanza waliyoitengeneza kule Zhaoqing, ilitengenezwa na fundi aliyeletwa kutoka Macao, mtu wa Goa, mweusi wa rangi. Wanafunzi wa ufundi mliomo humu, nimelisema hilo kwa ajili yenu.

Sasa nafika kwenye jambo langu. Mniwie radhi nikikaa hapa kidogo, ni eneo langu.

Kulikuwa na msomi kutoka Shanghai, Xu Guangqi. Alikuwa ameanguka mitihani ya serikali mara kadhaa kabla ya kufaulu ule wa juu mwaka 1604. Kwa hiyo alijua kushindwa, na mtu aliyewahi kushindwa anafundishika. Mwaka uliotangulia alikuwa amebatizwa, akaitwa Paulo. Ndiye pia aliyewaandikia wakulima wa kwao namna ya kulima viazi vitamu ili wajikinge na njaa. Huyu alimwomba Ricci jambo moja: tukitie Kichina kitabu cha Euklidi. Euklidi ni yule Mgiriki aliyeandika hoja za jometri miaka takriban mia tatu kabla ya Kristo, na tangu hapo hatujampata mwenye kumzidi utaratibu.

Hebu waoneni. Ni majira ya baridi ya 1606 kuingia 1607, Beijing, wazee wawili mezani. Ricci anasoma Kilatini, kitabu cha mwalimu wake Clavius, anakieleza kwa Kichina cha mdomo. Xu ana brashi na wino, anaandika Kichina cha wasomi. Wanafika kwenye jambo la kwanza kabisa: kitu kisicho na sehemu. Tunakiitaje? Sisi tunasema nukta. Kisha urefu usio na upana. Sisi tunasema mstari. Tunasema kirahisi kwa sababu kuna watu walikaa wakatutafutia. Wao walikuwa hawana. Ilibidi neno litafutwe, lipimwe, likatae, litafutwe jingine. Rasimu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na maneno waliyoyachagua mezani pale, ya nukta, ya mstari, na hata jina lenyewe la jometri, mtoto wa China anayatumia darasani mpaka leo asubuhi hii.

Wangapi humu mmesoma hesabu za msingi kwa Kiswahili? Kipenyo, nusukipenyo, mzingo, pembetatu. Nyumbani kwenu nani alisema nusukipenyo? Hakuna. Lakini mtoto akisikia "nusu" na "kipenyo," tayari ameshika nusu ya jambo kabla hujachora duara. Nilikuwa na kijana mmoja kidato cha kwanza, ametoka shule ya msingi huko juu na alama nzuri kabisa. Nikamwita ubaoni, nikamwuliza kwa Kiingereza, kama sera inavyotaka, nusukipenyo cha duara lile ni ngapi. Akasimama na chaki. Akanyamaza. Darasa likacheka. Nikasogea nikamnong'oneza lile neno kwa Kiswahili. Akajibu hata kabla sijamaliza. Kisha akanitazama, na macho yake yalikuwa yananiuliza: kumbe ni hicho tu? Sikuja hapa kupigana na sera, ninyi wote mna maoni yenu na mengine nimeyasikia kwenye daladala. Lakini nasema padri yule alikuwa na uwezo wa kuwaambia Wachina, jifunzeni kwanza Kilatini, mtakuja kuelewa. Hakuwaambia. Alikaa chini na mwenye lugha yake, wakatafuta neno.

Walitoa vitabu sita mwaka 1607. Vyote ni kumi na vitatu. Xu alitaka waendelee, Ricci akasema tuone kwanza hivi sita vitawafaa watu kiasi gani. Mwaka huohuo baba yake Xu akafariki, naye akaenda Shanghai kukaa matanga kwa miaka, kama mila yao ilivyotaka. Ricci akafariki Mei 11, 1610, ana miaka hamsini na saba. Vilivyobaki vilikuja kupata Kichina mwaka 1857. Miaka mia mbili na hamsini vikisubiri!

Nilisema sababu ya pili mtaiona mbele. Hii hapa.

Wachina waliwainamia wazee wao waliokufa. Ubao wenye jina la marehemu, ubani, chakula. Mmisionari akiona hivyo afanye nini? Ricci hakuamua kwa kutazama mlangoni. Alisoma vitabu vyao, akawauliza wao wenyewe wana maana gani. Akafikia kwamba hii ni heshima ya mtoto kwa mzazi, si kumfanya mzazi Mungu, na Mkristo anaweza kuendelea nayo. Najua wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba alilegeza imani ili apendwe na wakubwa. Na mimi sitampaka asali: Wabudha aliwasema vibaya, kwa dharau, uvumilivu aliowapa wasomi hakuwapa wao. Lakini kwa wazee waliokufa, alikaa chini akauliza.

Waliokuja baada yake wakabishana karibu karne nzima. Mwaka 1704 Roma ikakataza, 1715 ikakazia. Mfalme Kangxi, aliyewaruhusu Wakristo kwa hati mwaka 1692, akasoma katazo, akaona watu wasioijua hata lugha yake wanahukumu desturi zake, akapiga marufuku mahubiri. Mwaka 1742 Roma ikafunga mjadala kabisa. Kisha Desemba 1939, chini ya Papa Pius wa 12, Roma ikaruhusu. Hesabuni wenyewe, 1704 mpaka 1939. Miaka mia mbili thelathini na mitano. Wangapi walizikwa katikati hapo wakiambiwa wachague kati ya ubatizo na baba zao?

Bibi yangu alikuwa Mkatoliki wa rozari ya kila jioni. Kihambani kwake, shamba la nyumbani, kulikuwa na mimea ya masale imezunguka mahali walipolala babu na wazee waliomtangulia. Kila mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipoiva, kabla hajamgawia mtu, alichota kwenye kata, akaenda pale, akamwaga kidogo, akasema maneno mawili matatu kwa Kichaga. Kisha anarudi, anafanya ishara ya msalaba, ndipo tunakunywa. Siku moja mtu wa kanisa, sitamtaja, alifika akamkuta pale. Akamfokea mbele yetu wajukuu. Bibi hakujibu. Alisimama na kata yake mkononi, ina mbege nusu, hajui aimwage au airudishe chunguni. Nilikuwa na miaka tisa, na ile kata naiona mpaka leo. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. Hakuuliza, basi. Alikuwa na jibu kabla ya swali, na kwa mwalimu wa hesabu hakuna kosa kubwa kuliko hilo.

Ricci alipokufa, rafiki zake waliomba jambo lisilo la kawaida kwa mgeni: kaburi Beijing. Mfalme, yuleyule asiyemwona mtu, akatoa kiwanja. Wakristo wa China nzima wakati huo walikuwa takriban 2,500 tu, msishangilie idadi. Kaburi lilivunjwa mwaka 1900 wakati wa vita vya Maboksa, Wachina walioinuka kuwapinga wageni, likajengwa upya, likaangushwa tena enzi za Mapinduzi ya Utamaduni, mawe yakafukiwa ardhini, baadaye yakainuliwa. Leo liko ndani ya uwanja wa chuo cha makada wa Chama cha Kikomunisti. Makada wanatoka darasani kwenda kula chakula cha mchana, wanampita padri. Na Desemba 17, 2022 Baba Mtakatifu Fransisko alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa, hatua mojawapo ya kuelekea kutangazwa mtakatifu.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, maana akina mama wameshaanza kufunua masufuria na ile harufu ya pilau mnaisikia kama mimi. Lakini nilipouliza kama kuna swali, binti mmoja wa darasa la sita, kati ya wale wa mlangoni, alinyoosha kidole. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Hivyo vitabu saba vilivyobaki, vina nini ndani?"

Marahaba mwanangu. Cha saba kinaanza na ile KKS, kigawo kikubwa cha shirika, mnayoihesabu darasani. Cha tisa kina hoja inayoonyesha kwamba namba tasa haziishi, hata uhesabu mpaka uzee wako. Akauliza, "Haziishi? Unajuaje na hujazihesabu zote?"

Nimemwambia aje kwangu Jumamosi na daftari. Amesema atakuja na wenzake wawili.